Jina langu huwa la sita

Mama, shikamoo.

Nina miaka 42, ni mhadhiri wa takwimu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Nina mke na watoto watatu. Nyumbani hakuna ugomvi, afya ninayo, na hakuna anayenidai isipokuwa benki. Ninachokuandikia ni habari za kazi, na nakuomba usinicheke, maana kaka yangu nilipomweleza alicheka akasema, "Yaani shida yako ni kwamba watu wanakuhitaji sana?"

Nilisomea Ubelgiji, Hasselt, walikopita Watanzania na Wakenya wengi wa fani yetu. Nikarudi 2014 na shahada ya uzamivu, sanduku la makoti ambayo sijayavaa tena, na kauntabuku moja yenye jalada jekundu. Humo niliandika maswali niliyotaka kuyafanyia utafiti maisha yangu yote. Wiki ya pili tu, mtu wa kilimo akabisha hodi na flashi mkononi.

Hodi hiyo haijakatika mpaka leo. Wanafunzi wa uzamili wanapokimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu, foleni mlangoni kwangu ni kama ya zahanati. "Mwalimu, naomba unitolee tu thamani ya P," yaani ile namba ya kupimia kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu. Daktari wa mifugo ananiletea jedwali la Excel ambalo tarehe zimeandikwa kwa mitindo mitatu, na kwenye jinsia kuna ng'ombe aliyeandikwa 7. Profesa mmoja alijaribu mbolea kwenye mahindi: vipande vyenye mbolea vyote akaviweka bondeni, visivyo na mbolea vyote juu mlimani, kisha akataka nimthibitishie kwamba mbolea imefanya kazi. Nikamwambia hapo hatuwezi kujua kama ni mbolea au ni maji na udongo mzuri ulioteremka kutoka juu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Ndiyo maana nimekuja kwako, uuondoe huo mlima." Fisher, mtakwimu mashuhuri wa Uingereza, alisema mwaka 1938 kwamba kumwita mtakwimu jaribio likishakwisha ni kama kumwomba apasue maiti, labda ataweza kukwambia limekufa kwa ugonjwa gani. Mama, mimi ndiye mpasua maiti wa chuo kizima.

Nina makala 34 zilizochapishwa. Katika 29 jina langu liko katikati, mara nyingi la tano au la sita. Katika tatu ni la pili. Katika mbili ni la kwanza, na hizo zilitoka kwenye tasnifu yangu. Zile ambazo nimeshukuriwa tu mwishoni sizihesabu.

Mwaka jana niliomba kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi. Kwa hesabu ya pointi zetu, jina likiwa la kwanza unakula. Likiwa la sita unaokota makombo. Barua iliyorudi ilisema mchango wangu hauoneshi mwelekeo wa utafiti unaojitegemea. Haikuzidi hapo. Wiki mbili baadaye akapandishwa mwenzangu wa idara nyingine, ambaye sura ya nne ya tasnifu yake nilikesha nayo siku kumi na moja. Nilikwenda kwenye sherehe yake. Nilikula pilau, nikapiga makofi, nikarudi nyumbani nikakaa kwenye gari kama nusu saa.

Sasa taasisi moja ya utafiti wa afya imeniita niwe mkuu wa kitengo chao cha takwimu. Mshahara ni zaidi ya mara mbili ya huu. Mkataba ni wa miaka mitatu na unategemea fedha za miradi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, anasema chochote nitakachoamua tutaishi nacho, jambo ambalo halinisaidii hata kidogo.

Na kuna lile swali kwenye kauntabuku. Mwaka 2017 nilisaidia uchambuzi wa utafiti wa afya katika vijiji vya wavuvi. Watu walipimwa kila baada ya miezi minne, na kila kaskazi ikitulia wanaume hawakuonekana, wamekwenda dago, kwenye kambi za uvuvi za mbali. Waliowakosa waliwaandika "hayupo" wakaendelea, kana kwamba wametoweka kwa bahati. Lakini mvuvi mgonjwa haendi dago! Anayekosekana ndiye mzima, na tunayemkuta nyumbani tukampima ndiye anayeumwa. Kisha kusi ikishika, yule mzima anarudi. Kwa hiyo kukosekana kwake kuna habari, na kurudi kwake kuna habari nyingine. Mbinu nilizofundishwa zinamudu vizuri zaidi mtu anayetoka kwenye utafiti asirudi. Huyu anayetoka na kurudi kwa pepo za bahari ndiye mgumu. Nina kurasa 19 za hisabati zake. Sijazigusa tangu 2021.

Nikienda taasisi, naogopa nitakuwa fundi wa data za watu mpaka nistaafu, ila mwenye gari zuri. Nikibaki, nitazeeka nikiwa mhadhiri. Baba yangu, mwalimu mstaafu, kila akipiga simu huuliza, "Uprofesa umefika wapi?" kama anaulizia basi la kutoka Lushoto. Mama, nifuate kazi yangu mwenyewe, au niendelee kutumikia kazi za watu? Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi.

Jina la Sita

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kaka yako hakufanya vizuri kukucheka, ingawa hakukosea yote. Nitarudi huko.

Kwanza nikiri jambo. Kabla ya safu hii nilifanya kazi chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Mafaili yalikuwa mengi, sisi wachache, na saa saba kila mtu alitaka kwenda kula. Tulikuwa tunahesabu. Siku moja likafika faili la mtakwimu: makala chungu nzima, jina katikati. Mimi ndiye niliyesema, "Huyu ni msindikizaji." Wakacheka, tukafungua faili lingine. Hapakuwa na mtakwimu hata mmoja kati yetu wa kutuambia kwamba bila watu kama yeye nusu ya mafaili yaliyokuwa mezani yasingefika mezani. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuisoma nikiwa mshauri.

Ninavyokuelewa, umechoka, umeumizwa, na una kiu. Umechoka kwa flashi za watu. Umeumizwa na barua ile, na pilau ile zaidi. Kiu yako ni zile kurasa 19. Umeyafunga yote kwenye kamba moja, na unatumaini kwamba ukichagua kwenda au kubaki, kamba itafunguka yenyewe. Huenda. Lakini naona mtu anaweza kwenda akabaki na kiu, na anaweza kubaki akapumzika bila kupanda hata ngazi moja.

Umeuliza kama ufuate kazi yako mwenyewe au utumikie kazi za watu. Nikasimama hapo. Hawa wavuvi, mwanangu, uliwapata wapi? Hukuwatoa Hasselt. Walikuja kwenye flashi ya mtu. Swali unaloliita lako, linalokukosesha usingizi, limezaliwa siku ulipokuwa unafanya kazi ya watu, na ukaliona wewe kwa sababu wenzako waliandika "hayupo" wakafunga daftari. Sisemi kwamba mpaka kati ya kazi hizo mbili haupo. Nasema sidhani kama uko pale ulipouchora.

Wewe unamjua Gosset kuliko mimi, lakini wasomaji wengine hawamjui, basi niruhusu. Alikuwa mfanyakazi wa Guinness, kampuni ya bia ya Dublin, tangu 1899 mpaka mwisho wa maisha yake. Shida yake ilikuwa ya kiwandani: shayiri, kimea, na sampuli chache mno kuweza kuzitegemea. Katika kuhangaika na uchache huo akaandika makala ya 1908 ambayo imezaa jaribio la t, kipimo cha kulinganisha wastani, lile ambalo wanafunzi wako wanalibofya kwenye programu ya SPSS bila kujua limetoka kwenye pipa. Mwajiri hakuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, kwa hiyo akatia saini "Student", mwanafunzi. Jina lake halikuwa hata la sita. Halikuwepo.

Hata David Cox, mtakwimu Mwingereza ambaye makala yake ya 1972 kuhusu muda wa kuishi wa wagonjwa iko kila mahali katika utafiti wa tiba, mwanzoni mwa kazi yake alikuwa kwenye taasisi ya utafiti wa sufi huko Leeds.

Najua utakachonijibu. Utasema hao ndio waliofika, na waliozama kwenye mapipa na sufi hatuwajui majina, kwa hiyo sampuli yangu ina upendeleo. Ni kweli, na sitaki ukaamue maisha yako kwa watu wawili. Lakini tazama kitu kimoja katika habari ya Gosset. Mwaka 1906 kiwanda kilimruhusu aende London, akakaa takriban mwaka mzima katika maabara ya mtakwimu Karl Pearson. Bia ilimpa swali, na mwajiri huyo huyo akampa muda. Wewe maswali unayo. Muda umepewa na nani?

Hapa ndipo namrudia kaka yako. Naomba uniwie radhi nikiuliza vibaya. Siku kumi na moja ulizokesha na sura ya nne ya mwenzako: aliziomba zote? Au aliomba jioni moja, nawe ukaendelea kwa sababu data zilikuwa chafu na ulijua kuzisafisha? Tarehe za mitindo mitatu zina mwisho. Ng'ombe aliyeandikwa 7 ana mwisho. Unampata, unamrekebisha, mtu anakushukuru, unalala. Ukurasa wa 20 wa kauntabuku hauna uhakika huo. Unaweza kukaa nao miezi minane ukagundua kwamba ukurasa wa 6 ulikuwa na kosa, na hakuna atakayebisha hodi kukushukuru. Nimewajua watu wema sana waliojificha ndani ya kuwasaidia wengine. Labda wewe si mmoja wao. Wewe ndiye unayejua yaliyotokea mwaka 2021.

Tuitazame taasisi. Sitaki uende ukiidharau, maana kazi za namna hiyo si ufundi wa kukaza skrubu. Kati ya 2009 na 2011, hospitali kadhaa za Kenya, Uganda na Tanzania ziliandikisha watoto zaidi ya 3,100 waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri, katika jaribio lililoitwa FEAST. Madaktari wengi waliamini kwamba kumtilia mtoto wa namna hiyo maji mengi ya dripu kwa haraka kunamwokoa. Mgawanyo ukafanywa kwa nasibu. Katika saa 48, kati ya kila watoto 100 waliotiliwa maji kwa kasi, kama 10 au 11 walifariki. Kati ya 100 ambao hawakutiliwa hivyo, 7. Kamati iliyokuwa ikiziangalia namba ikashauri jaribio lisimamishwe kabla ya wakati. Daktari mmoja mwenye wagonjwa thelathini wodini asingeiona tofauti hiyo hata kwa miaka kumi. Ilihitaji watu wa kupanga mgawanyo, kukadiria idadi, na kuhesabu bila kupendelea. Majina yao mengi yako katikati.

Lakini heshima hiyo hailipi ada ya shule, na taasisi za afya hazifanani. Kabla hujatia saini ningependa ujue uchambuzi unafanyika wapi. Kuna mahali ambapo kitengo cha takwimu cha hapa kinakusanya, kinasafisha na kutuma, kisha data zinapanda ndege na maswali yenye utamu yanajibiwa Ulaya. Kama ni hivyo, hofu yako ya ufundi ina msingi, na gari zuri halitaiponya. Kama uchambuzi uko mikononi mwenu, unaweza kuwakuta wavuvi wako kila wiki. Waulize pia kama utaruhusiwa kuandika makala za mbinu kwa kutumia data za miradi, na kama wanaweza kukuandikia ndani ya mkataba, si kwa mdomo, siku moja ya juma isiyo ya mradi wowote. Wakisita, umejifunza kitu. Wakikubali haraka mno, waulize waliokutangulia kama siku hiyo iliwahi kuonekana.

Hatari nyingine unaijua. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kuna watafiti Afrika Mashariki walioamka wakakuta mradi umefungwa, na miaka iliyobaki kwenye mkataba haikuwalinda. Mshahara mara mbili kwa miaka mitatu ni kitu, na wala si aibu kuutaka. Ila ukae na mkeo mpige hesabu ya mwaka wa nne pia. Na umwulize kinachomtia hofu. Hilo analiweza kuliko kukuchagulia.

Kubaki nako kuna kazi yake. Ukibaki ukiwa vilevile, mlango wazi, foleni ileile, naona barua nyingine kama ile inakuja. Wapo watakwimu waliotenga siku moja kwa juma ya ushauri, siku nyingine mlango umefungwa. Wapo wanaokubaliana juu ya uandishi kabla ya kuifungua flashi, na wanaomwambia mtu wa mbolea aje kabla hajapanda. Ungeweza kuiwekea foleni wanafunzi wako wa mwaka wa tatu, wakajifunza na wewe ukapumua. Lakini sitakudanganya: siku ya kwanza utakapomwambia profesa "njoo Alhamisi", itasemwa kantini kwamba umeanza maringo. Baadhi yao ndio watakaosoma faili lako. Kama unaweza kuvumilia kuchukiwa kidogo na watu uliozoea wakupende, hilo ni swali ambalo Hasselt hawalifundishi.

Kuhusu faili lenyewe, nakwambia kama mtu aliyekaa upande ule wa meza. Tuliona namba na nafasi ya jina kwa sababu ndicho kilichowekwa mbele yetu. Majarida mengi siku hizi yanataka kila mwandishi aeleze alichofanya. Zile makala 29, je, kuna mahali umeandika kwamba hapa nilibuni mpango wa jaribio, hapa niligundua kosa lililobadilisha hitimisho, hapa nilitengeneza modeli? Kurasa mbili tu, kwa lugha ambayo mtu wa historia ataielewa. Sina hakika kama zingenibadilisha mawazo siku ile. Zingenizuia kusema lile neno, nadhani. Na kumbuka kwamba hata pointi zikija, hazitamaliza kiu, na zinaweza kuchelewa: C. R. Rao, mtakwimu mzaliwa wa India, aliandika makala yake kubwa mwaka 1945, na tuzo ya kimataifa ya takwimu akaipata 2023, akiwa na miaka 102. Baba yako hawezi kusubiri basi hilo.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja, na sijui kama umeiacha kwa makusudi: kuazimwa, au likizo bila malipo, ili mlango wa nyuma usifungwe. Vyuo vingine vinakubali, vingine vinakuzungusha mpaka mkataba wa taasisi unapita. Ubaya wake ni kwamba mtu aliyeazimwa anaweza kuwa na mabwana wawili, na wote wawili wakawa na flashi.

Kabla ya mwisho wa mwezi nina ombi moja, na nalileta kwa sababu wewe ni mtu wa kuhesabu. Zichukue zile makala 34, keti nazo usiku mmoja, sio kumi na moja. Usiangalie jina liko wapi. Kwa kila moja jiulize kama ilikuachia swali hata moja la kuandika kwenye kauntabuku. Huenda zikawa 20, huenda ikawa ile moja ya wavuvi peke yake. Namba hizo mbili zinasema mambo tofauti kabisa kuhusu wapi pa kufanyia kazi, na mimi nikiwa hapa siwezi kukuhesabia.

Kisha siku nyingine, asubuhi, kabla mtu hajabisha hodi, fungua ukurasa wa 19 uusome. Usiandike kitu. Soma tu uone kama mkono unakuwasha.

Ukishawajibu taasisi, jibu lolote lile, niandikie. Nataka kujua mvuvi aliyerudi na kusi anahesabiwa vipi.